Haiku 20 za maua: shajara ya mradi, siku ya 1 mpaka ya 47

Siku ya 1

Nimeanza rasmi leo. Mradi wenyewe ni haiku 20 za Kiswahili, kila moja na ua lake, na kila ua nalichagua kwa ile maana ambayo watu wamelibebesha miaka na miaka, waridi jekundu mapenzi, lotasi usafi wa moyo, alizeti uaminifu, hivyo hivyo. Wajapani hiyo lugha ya maua wanaiita hanakotoba, hana ni ua na kotoba ni neno, na haiku nayo ni ya kwao, kwahiyo nikaona hivi vitu viwili nikiviweka chumba kimoja vitaelewana tu.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na haiku: ni mistari mitatu, mizani 5, halafu 7, halafu 5, basi. Jumla 17. Hakuna vina wala kibwagizo. Ndani yake kuna neno la majira, wanaita kigo, na kuna neno la kukata, kireji, ambalo linaigawa haiku vipande viwili ili katikati ubaki mwanya, na msomaji anaingilia hapo hapo kwenye mwanya.

Nimeandika nne kwa saa moja. Ya kwanza ni hii:

ua jekundu
lasema nakupenda
mpenzi wangu

Mizani iko sawa nimehesabu mara tatu. Nimelala na furaha.

Siku ya 3

Zimefika saba ila nimezisoma zote kwa sauti asubuhi na kuna kitu hakipo. Zote zinafanya kazi moja, zinataja ua halafu zinatafsiri ua, yaani kama kamusi iliyokatwa mistari mitatu. Ukishasoma "lasema nakupenda" umebakiwa na nini cha kufanya wewe msomaji? Hakuna, nimeshakufanyia kila kitu. Ule mwanya niliosema juzi nimeuziba kwa mikono yangu mwenyewe.

Nimezifuta zote saba. Hiyo ya kwanza naiacha hapa juu kwa sababu hii ni shajara na shajara isiyo na makosa haimsaidii mtu.

Siku ya 4

Leo sikuandika, nimesoma. Kuna mshairi wa Japani anaitwa Chiyo-ni, aliishi 1703 mpaka 1775, mwanamke, akaja kuwa mtawa, na haiku yake inayojulikana kuliko zote ni ya asagao, lile ua la mmea unaotambaa ambalo linafunguka alfajiri na jua likikaza linanywea. Kinachotokea ndani yake ni kitu kidogo sana: ameenda kisimani akakuta mmea umejisokota kwenye ndoo, basi akaenda kuomba maji kwa jirani. Imeisha. Hakuna neno huruma, hakuna neno uzuri, hajasema kitu kinadumu wala hakidumu, na bado vyote vimo humo, kwa sababu mtu aliyekubali kutembea mpaka kwa jirani ili asikate kijimmea ameshakuambia anavyoliona lile ua.

Kwahiyo nimejiwekea sharti moja la mradi mzima na nimeliandika kwenye jalada la daftari kwa kalamu nene: MAANA ISITAJWE. Naangalia ua linafanya nini, naandika hicho, basi. Maana ikitaka kuja itakuja yenyewe.

Siku ya 5 mpaka ya 13

Nimeweka waridi moja jekundu kwenye glasi juu ya meza ninayoandikia. Bua nimelikata mshazari, majani ya chini nimeyatoa yasioze ndani ya maji, maji nabadilisha kila siku. Halafu nikakaa nalo. Naandika hapa nilichokiona kwa sababu kabla ya hapo nadhani nimeshashika mawaridi mengi tu ila sijawahi kuliangalia hata moja.

Siku mbili za kwanza lilikuwa limejifunga, kama ngumi ya mtoto. Ya tatu likafunguka lakini halikufunguka sawasawa, upande wa dirishani ulitangulia na ule wa ukutani ukachelewa karibu siku nzima. Ya nne na ya tano ndo lilikuwa lile waridi la kwenye kadi. Afu ya sita nikaona wekundu umeanza kuhama, pembezoni mwa petali za nje rangi inaelekea zambarau, kama mtu aliyeumia kidole, na ile sehemu ya zambarau ukiigusa ni laini kupita kiasi, haina tena ule ubishi. Shingo ikainama kidogo. Harufu yenyewe ilizidi, sikutegemea hilo, ikawa nzito na tamu tamu.

Usiku wa saba nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi, nyumba nzima kimya, nikasikia *ta*. Sauti ndogo lakini ni sauti. Petali imedondokea kwenye karatasi. Nikageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Na hapo hapo, sijui kwanini, nikamkumbuka mtu fulani ambaye aliniandikia ujumbe wa maana sana na mimi nikaacha siku zikapita.

usiku kimya
petali yaanguka
sijamjibu

Hii ndo haiku ya kwanza ya mradi, nimeihesabu kama namba 1. Waridi bado ni mapenzi, sijalikana hilo, lakini sasa halisemi nakupenda, limeshasema zamani na linasubiri.

Siku ya 15

Nataka niongelee mizani kidogo kwa sababu watu wengi wanajua haiku kupitia Kiingereza, na Kiingereza kinapata shida sana hapa, silabi zao nyingine ni ndefu kama treni na nyingine fupi. Kijapani hakihesabu silabi kwa namna hiyo, kinahesabu pigo la sauti, wanaliita on. Tokyo kwao ni mapigo manne, to-o-kyo-o, irabu ndefu inahesabiwa mara mbili. Na n ikisimama peke yake mwisho wa silabi ni pigo kamili, Nippon ni ni-p-po-n, manne.

Sasa mtu wa Kiswahili akisoma hayo hashangai hata kidogo! Sisi kaa ni mizani mbili, ka-a. Maua ni tatu, ma-u-a. Na ile m ya mti, ya mtu, ya mlango, inasimama peke yake na inahesabiwa, m-ti, m-la-ngo, na hakuna aliyetufundisha na Wajapani, iko kwenye mashairi yetu toka mwanzo. Ile "sijamjibu" hapo juu ni tano kwa sababu ya hiyo m katikati: si-ja-m-ji-bu. Ukiitoa unapata nne na huyo mtu anapotea kabisa kwenye shairi, yaani herufi moja imebeba mtu mzima.

Penye mtego ni mvua. Nilikuwa naihesabu tatu, m-vu-a, kumbe m ya mvua si sawa na m ya mvulana. Ya mvulana ni kiambishi cha ngeli, inajitegemea, m-vu-la-na. Ya mvua imegandana na v yake, mvu-a, mizani mbili. Vivyo hivyo mbegu, ndege, ngoma. Ila neno likiwa fupi sana, kama nchi au mbwa, m na n zinarudi kusimama zenyewe, n-chi, m-bwa, maana bila hivyo neno zima lingekuwa pigo moja na Kiswahili hakipendi hivyo. Nimepoteza jioni nzima kwenye hili na siijutii.

Siku ya 16

Nimempigia shangazi yangu. Yeye mashairi anayo kichwani kwa mamia, beti na beti, kwahiyo ukimpelekea kitu unajua kitapimwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya soma."

Nikasoma ile ya petali. Akanyamaza.

"Endelea."

"Ndo imeisha shangazi."

"Imeishaje na vina hakuna? Huo ni ukwapi tu, utao uko wapi?"

(Ukwapi ni kipande cha kwanza cha mshororo, utao ni cha pili.) Nikamweleza, Wajapani, mizani 17, hakuna vina. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akauliza ile m kwenye sijamjibu nimeihesabu, nikasema nimeihesabu. Kimya tena. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa:

"Na wewe huyo mtu mbona humjibu?"

Nimekata simu nikakaa muda mrefu. Sikuwa nimemwambia shangazi kwamba waridi ni mapenzi, wala kwenye haiku yenyewe neno waridi halipo.

(Ujumbe nimeujibu. Usiku ule ule.)

Siku ya 19

Kamelia. Kijapani tsubaki. Kwenye orodha ya majira ni ua la machipuko, na sifa yake kubwa ni jinsi linavyokufa. Maua mengi yanapukutika petali moja moja lakini kamelia ya kawaida inang'oka nzima, ua zima linaachia kikonyo na kuanguka, na chini mara nyingi linalala uso juu, bado zuri, kama halijapata habari. Japani watu wengi hawapeleki kamelia kwa mgonjwa kwa sababu hiyo, inawakumbusha kichwa kinachoanguka.

Kiswahili kina neno ambalo nadhani liliumbwa kwa ajili ya ua hili nalo ni pu.

kamelia, pu!
bado linatazama
juu mtini

Hapo kireji changu ni "pu". Wajapani wana ya, kana, keri, maneno ambayo hayana maana ya kutafsirika, yanakata tu na kuacha mshindo. Sisi tunayo mengi ya aina hiyo, pu, ta, chubwi, kimya jii, na tunayo kumbe, ambalo kwa kweli naona ndo kireji bora kuliko yote duniani kwa sababu lenyewe ni ule wakati wa kugutuka. Nimejizuia nisilitumie zaidi ya mara mbili kwenye haiku 20 maana linanoga mno, ukiliachia litaandika zote.

Siku ya 22

Lotasi. Kwanza niseme si yungiyungi, wanafanana kwa sura na wote wanakaa majini lakini kwa ukoo wako mbali kabisa. Yungiyungi jani lake linalala juu ya maji na limechanika upande mmoja, jani la lotasi ni duara kamili na mara nyingi linasimama juu ya maji kwa bua lake. Maana yake kwenye Ubuddha ni usafi, ua linatoka kwenye tope na halichafuki.

Rasimu nilizoandika nane zote zilikuwa zinasifia ua juu. Nikakumbuka sharti, angalia linafanya nini. Linafanya nini? Limesimama kwenye tope. Halijatoka kwenye tope, mzizi wake uko mle mle na ukiutoa linakufa.

tope jeusi
mguu wa lotasi
ungali humo

Naipenda hii kuliko zote mpaka sasa. Namba 3.

Kuna jambo nilitaka kuliandikia haiku nikashindwa, naliweka hapa lisipotee. Mwaka 1951 huko Chiba mtaalamu wa mimea Ōga Ichirō alipata mbegu za lotasi ndani ya udongo wa kale, zikakadiriwa kuwa na miaka kama 2,000. Mbegu moja ikakua, na Julai 1952 ikachanua. Miaka elfu mbili gizani halafu ua linafunguka asubuhi, mchana linajifunga, na baada ya siku chache petali zinadondoka. Nimejaribu mara kumi na moja. Kila nikiweka namba 2,000 ndani ya haiku inakuwa habari, nikiitoa hakuna anayejua naongelea nini. Labda baadae.

Siku ya 24

Alizeti imekuja kwa dakika kumi. Kila mtu anajua alizeti inafuata jua, ndo maana ikapewa uaminifu, lakini hiyo ni alizeti changa tu. Changa kweli inageuka mchana kutwa toka mashariki kwenda magharibi, bua linarefuka zaidi upande mmoja mchana na upande wa pili usiku, na usiku inarudi mashariki kungoja. Ikishakomaa inaacha. Inabaki imeangalia mashariki moja kwa moja, na uso ukipata joto la asubuhi mapema nyuki wanakuja wengi zaidi.

jua lazama
alizeti yangoja
mashariki tu

Nimesoma pia kwamba kwenye kitabu cha lugha ya maua cha Kate Greenaway, London, 1884, alizeti fupi ni mapenzi ya kuabudu na ndefu ni majivuno. Ua lile lile, umbeya unategemea urefu wa bua. Nimeiandika pembeni.

Siku ya 27

Leo nimekwama, na nimekwama kwenye krisanthemumu. Kijapani ni kiku, mizani mbili safi, kwahiyo natumia kiku.

Shida ni kwamba kiku inasema mambo mengi na hayapatani. Japani ni nembo ya mfalme wa nchi, ua la petali 16, na ni ua la maisha marefu, tarehe 9 mwezi wa 9 lilikuwa na sikukuu yake. Papo hapo kiku nyeupe ndo ua la msiba. Ufaransa watu wanayabeba makaburini mwanzo wa Novemba. Mimi nilidhani hanakotoba ni kama kamusi, unafungua unapata, na hapa kamusi inaniambia umri mrefu na kifo kwa pumzi moja.

Nimekaa nalo siku tatu. Nilichoandika mwisho si jibu:

kiku nyeupe
nikupeleke wapi
mvua yanyesha

(Mvua mizani mbili, asante siku ya 15.) Mtu amesimama na ua mkononi, sijui anaenda kwa bibi anayetimiza miaka 90 au anaenda mazikoni, na hata yeye sijui kama anajua. Nilifikiri ni udhaifu wa haiku. Sasa naona maana mbili zikigombana ndani ya ua moja, huo mgogoro ndo mwanya, sina haja ya kukata na kireji hata.

Siku ya 30

Jambo dogo ambalo limenifurahisha wiki nzima. Kwenye ushairi wa Kijapani ukisema hana peke yake, ua, bila kutaja ua gani, inaeleweka ni sakura, ua la mti wa cheri. Sakura ikishachanua yote inakaa kama wiki moja hivi, upepo na mvua vikija inaisha. Ndo ua la vitu vinavyopita. Na kwetu hana ni nini? Hana. Hana kitu.

jana ni hana
leo chini ya mti
mzee hana

Nimeisoma kwa rafiki yangu mmoja hakuielewa, nikamweleza akaielewa na akaipenda, lakini haiku ambayo mpaka niambatane nayo mlangoni kuieleza bado haijatembea yenyewe. Siiingizi kwenye zile 20. Iko kwenye daftari.

Siku ya 33

Kigo inanitesa kidogo. Orodha kubwa za maneno ya majira, saijiki, zina kila kitu kimepangwa, lotasi kiangazi, ua jekundu la higanbana vuli (ya kwao, kabla ya majira ya baridi), ua la plamu ya Kijapani mwanzo kabisa wa machipuko hata theluji ikiwa bado ipo. Na asagao, ambayo inaanza kuchanua kiangazi, imewekwa vuli kwa sababu orodha zilifuata kalenda ya zamani. Nikiwaza sana najikuta naandika haiku za kalenda. Nimeamua hivi: ua lenyewe ndo kigo, likitajwa limeshaleta majira yake, siongezi neno lingine. Nasonga.

Siku ya 36

Hii ni siku kubwa ya mradi huu. Nilikuwa nataka tu kujua Wajapani hanakotoba waliitoa wapi, nikakuta sehemu kubwa iliingia toka Ulaya zama za Meiji, 1868 mpaka 1912, halafu wakaongeza ya kwao. Na Ulaya nako? Kitabu kilichowasha moto kilitoka Paris 1819 kwa jina la kalamu Charlotte de Latour. Na kabla ya hapo kuna Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza Istanbul, ambaye mwaka 1718 aliandika barua akieleza namna watu wa kule wanavyotumiana ujumbe kwa vitu, maua, matunda, uzi, bila kuandika neno. Barua zake zikachapishwa 1763, mwaka mmoja baada ya kufariki. (Ndo yule yule aliyepigania chanjo ya ndui ifanyike Uingereza, mama mmoja kabeba mambo mawili makubwa hivi.)

Sasa sikiliza. Ule mchezo wa Istanbul, selam, haukuwa na kamusi ya maana. Ulikuwa wa VINA. Kitu kinamaanisha ule mstari unaofanana nacho mwisho. Kituruki pea ni armut, na tumaini ni umut, kwahiyo ukimtumia mtu pea unamwambia nipe tumaini. Pea yenyewe haina uhusiano wowote na tumaini, ni sauti tu. Waliochukua huku Ulaya wakadhani ni maana za siri za maua.

Nikaruka kwenye kiti. Vina! Sisi na vina tena! Nikampigia shangazi saa hiyo hiyo, nikamwambia shangazi nataka vina vya maua, asumini. Hakufikiri hata sekunde:

"Niamini."

"Alizeti?"

"Keti."

"Kamelia?"

"Hilo silijui ni ua gani, lakini tulia. Au nalia."

"Lotasi?"

"Nafasi. Wasiwasi. Wewe unataka lipi?"

"Waridi?"

"Utarudi? Na swali lake hapo hapo usilitoe."

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, na nimeandika kurasa nne. Angalia alizeti na keti, kumbe ile alizeti iliyokomaa iliyoacha kugeuka tayari ilikuwa imeketi ndani ya jina lake na mimi nimeandika haiku yake karibu wiki mbili kabla sijajua. Kamelia ikaanguka, tulia. Hizi maana hazikutoka Paris wala Kyoto, zimetoka kinywani mwa shangazi yangu, na hakuna lugha nyingine inayoweza kuzipata.

Sharti la siku ya 4 nimelifikiria upya. Maana isitajwe, ndiyo, ila kina kinaweza kuitaja bila mtu kuona.

taa yazimwa
asumini yaanza
naiamini

Gizani ua hulioni, asumini nyingi zinatoa harufu zaidi usiku, kwahiyo kitu pekee ulichonacho ni harufu inayokwambia nipo. Asumini katikati, amini mwishoni. Shangazi alipoisikia alisema "hii sasa ina utao", na kwa anayemjua, hilo si neno analolitoa ovyo.

Siku ya 41

Mbili kwa wiki hii.

Higanbana, ua jekundu la vuli la Japani linalochanua karibu na siku ile usiku na mchana vinapolingana, limepandwa sana pembezoni mwa makaburi na mashamba ya mpunga, kitunguu chake kina sumu. Maana yake ni kuagana. Bua linatoka uchi kabisa ardhini na ua juu, hakuna jani hata moja, majani yanakuja ua likishakufa na yanakauka kabla ua la mwaka unaofuata halijatoka. Hawajawahi kuonana.

higanbana
majani yaliaga
ua lafika

Mstari wa kwanza ni tano ukiipa n pigo lake kama wanavyofanya wao, hi-ga-n-ba-na. Mdomo wa Kiswahili unataka kusema higambana, nne. Nimeiacha ya kwao, ni jina lao.

Ya pili ni lile ua dogo la bluu linaloitwa usinisahau, na Kijapani pia jina ni hilo hilo, wasurenagusa. Tatizo: u-si-ni-sa-ha-u ni sita! Haliingii kwenye mstari wa tano, na kwenye wa saba linaacha nafasi moja tu. Nimehangaika siku mbili mpaka nikaona ile nafasi moja inatosha "la".

li kavu ua
la usinisahau
la nani tena?

Limekutwa ndani ya kitabu cha zamani, limebanwa kati ya kurasa. Sijaandika kitabu, ukavu unatosha.

Siku ya 47

Hesabu ilipo: zimekamilika 14, ikiwemo mbili za asagao ambazo sijazibandika hapa kwa sababu nazihamisha hamisha mistari kila siku, na nyingine ambazo ziko sawa tu, hazijanifikisha popote. Sita zimebaki. Mbegu ya Ōga bado haijaota kwangu.

Inayonikosesha usingizi saa hizi ni lavenda. Kwa Greenaway lavenda ni kutoaminiana. Kwa vina vya shangazi lavenda ni nakupenda. Ua moja linasema nakupenda na sikuamini, na nadhani kila mtu aliyewahi kumsubiri mtu usiku anaujua huo mchanganyiko. Nina mstari wa pili na wa tatu:

…
lavenda kwenye mto
mlango kimya

Wa kwanza ndo sina. Nataka "ulisema naja" na ni sita, u-li-se-ma na-ja, mizani moja imezidi. "Wasema naja" inaingia sawasawa, lakini hapo mtu bado anasema, yupo kwenye simu, na mimi namtaka yule aliyeshasema akanyamaza. "Naja, ulisema" nayo ni sita. Nimejaribu kutoa mtu nikaweka saa, "saa nane sasa", sa-a na-ne sa-sa, sita tena. Shangazi kasema nisimpigie mpaka nimejaribu ishirini. Niko ya tisa.